Mwaka 1707 Nchini Japani: Tetemeko, Mlima Fuji na Mchanga Uliokataa Kuondoka

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa historia hapa Goma. Wanafunzi wangu volkano wanaijua kwa macho: 2002 wazazi wao waliikimbia lava ya Nyiragongo, na 2021 walikimbia wao wenyewe. Nimesoma kwamba Mlima Fuji ulilipuka mwaka 1707 bila kumwaga lava, na kwamba siku 49 kabla yake kulitokea tetemeko kubwa. Je, tetemeko ndilo lililouamsha mlima? Kama hakukuwa na lava, hasara ilitoka wapi? Na serikali ya wakati ule iliwasaidiaje watu wake?"

Jibu:

Mwalimu, asante kwa swali hili. Niseme mapema mahali ninaposimama. Watu wengi wakiutaja mwaka 1707 huuzungumzia mlima, na picha za Mlima Fuji ndizo zinazowavuta. Mimi naona kisa chenyewe ni mchanga: mchanga ulioangukia mashamba ya watu, na fedha zilizokusanywa nchi nzima ili uondolewe. Lakini hatuwezi kufika kwenye mchanga bila kupita kwenye tetemeko.

Japani ya wakati huo ilitawaliwa na ukoo wa Tokugawa. Mfalme alikuwa Kyoto, lakini nguvu zote zilikuwa kwa shoguni, mtawala wa kijeshi aliyekaa katika ngome ya Edo, mji tunaouita Tokyo leo. Shoguni wa 5, Tokugawa Tsunayoshi, alikuwa ametawala tangu 1680. Alikuwa mtu wa elimu, mpenda vitabu vya Confucius, lakini watu wa kawaida walimkumbuka zaidi kwa amri zake za kuhurumia viumbe, hasa mbwa. Huko Nakano, nje kidogo ya Edo, palijengwa mabanda ya mbwa makumi ya maelfu, na gharama ya kuwalisha ikawaangukia raia. Hazina yake nayo ilikuwa taabani. Mkuu wa fedha, Ogiwara Shigehide, tangu 1695 alikuwa akiyeyusha sarafu za zamani na kutengeneza mpya zenye dhahabu na fedha pungufu, ili serikali ipate faida katikati. Bei zilipanda, na mwaka 1706 sarafu za fedha zilipunguzwa ubora tena. Weka hilo akilini, maana litarudi.

Mwaka wenyewe Wajapani waliuita mwaka wa 4 wa enzi ya Hōei. Ulianza kwa matumaini kidogo ngomeni. Tsunayoshi hakuwa na mtoto wa kiume aliye hai, akamchukua mpwa wake, Ienobu, awe mrithi. Katika mwezi wa 7 wa kalenda yao Ienobu alipata mtoto wa kiume, Iechiyo. Mwishoni mwa mwezi wa 9 mtoto huyo akafariki. Siku chache tu baadaye, tarehe 4 ya mwezi wa 10, ambayo kwetu ni 28 Oktoba 1707, mapema alasiri, ardhi ikatikisika.

Wanasayansi wa leo wanalikadiria tetemeko lile kuwa na ukubwa wa takriban 8.6. Chini ya bahari, kusini mwa kisiwa kikuu cha Honshu na kisiwa cha Shikoku, kuna mfereji mrefu uitwao Nankai, ambapo bamba moja la ardhi linajipenyeza chini ya jingine. Mara nyingi mfereji huu huvunjika vipande vipande: mwaka 1854 ulivunjika mara mbili kwa tofauti ya kama saa 32, na katika karne ya 20 ulivunjika sehemu moja mwaka 1944 na nyingine 1946. Mwaka 1707 ulivunjika wote kwa mpigo. Ndiyo maana nyumba zilianguka kuanzia pwani ya Suruga, karibu na Fuji kwenyewe, hadi Kyushu upande wa magharibi.

Kisha bahari ikaja. Jimbo la Tosa, upande wa kusini wa Shikoku, ndilo lililoumia kuliko yote. Huko peke yake walihesabiwa waliokufa zaidi ya 1,800, na nyumba zaidi ya 11,000 zikachukuliwa na maji. Uwanda wa Kōchi ulididimia kama meta 2, kwa hiyo maji ya bahari yalipoingia hayakuona sababu ya kutoka. Mashamba ya mpunga yakawa ghuba. Lakini safari fupi tu mashariki, kwenye rasi ya Muroto, ardhi iliinuka karibu meta 2, na bandari ndogo ya Murotsu ikawa na kina kifupi kiasi kwamba mashua zilizozoea kuingia zilishindwa. Jimbo moja, siku moja, mahali pamoja panazama na pengine panapanda. Chemchemi maarufu ya maji moto ya Dōgo ilikauka, na watu wakangoja miezi kadhaa kabla ya maji kurudi.

Kwa nchi nzima, makadirio ya waliokufa ni kuanzia 5,000 hadi zaidi ya 20,000. Tofauti ni kubwa kwa sababu kila jimbo liliweka hesabu zake, na wengine walikuwa na sababu za kuongeza au kupunguza.

Naomba univumilie nikupeleke Osaka, kwa sababu pale pana jambo ambalo wanafunzi wako watalielewa haraka kuliko wanafunzi wa mahali pengine popote. Osaka ulikuwa mji wa biashara uliokatwakatwa na mifereji ya maji. Ardhi ilipotikisika, watu waliogopa kuangukiwa na nyumba, wakakimbilia kwenye mashua ndogo mfereji ulipokuwa karibu. Ilionekana akili: majini hakuna paa la kukuangukia. Kama saa mbili baadaye tsunami ikapanda mtoni. Ikazisukuma meli kubwa zilizotia nanga kwenye mdomo wa mto, zikaingia mifereji kwa nguvu, zikavunja madaraja na kuzipondaponda zile mashua zilizojaa watu.

Mwaka 1854 tetemeko lingine likatokea, na watu wa Osaka wakapanda mashua tena. Wakafa vilevile. Mwaka uliofuata, 1855, wenyeji walisimamisha nguzo ya jiwe karibu na mahali palipo Daraja la Taishō leo. Maandishi yake yanakiri wazi kwamba miaka 148 kabla, wakati wa tetemeko la Hōei, watu wengi walizama kwa njia hiyohiyo, lakini kwa kuwa miaka ilipita, waliobaki kusimulia walikuwa wachache. Yanawaomba watakaokuja wayapake herufi wino kila mwaka ili zisomeke. Wakazi wa pale bado wanapaka. Ukiniuliza ni waraka gani wa historia ya Japani ningempa mwanafunzi ausome wa kwanza, ni jiwe hilo.

Njia kuu ya Tōkaidō, iliyounganisha Kyoto na Edo kwa vituo 53, nayo ilipigwa. Pale Arai, mahali wasafiri walipokaguliwa vibali, tsunami ilivunja kituo cha ukaguzi na mji wake. Mwaka 1708 vyote vikahamishiwa mahali vilipo sasa. Jirani yake, kituo cha Shirasuka kilichokuwa ufukweni kikapandishwa juu ya kilima. Watu wa Shirasuka hawakusubiri kufundishwa mara ya pili.

Katika mwezi huohuo wa 10, serikali ya shoguni ilipiga marufuku noti za karatasi ambazo mabwana wa majimbo walikuwa wamezitoa kwa matumizi ya ndani. Tetemeko halikuwa sababu. Edo ilitaka sarafu zake mpya, zile pungufu, zizunguke kila mahali bila mshindani. Lakini mfikirie mkulima au mchuuzi wa pwani aliyeokoa furushi moja tu kutoka nyumbani, na ndani yake mna noti zilizotangazwa kuwa hazina thamani kama hazikubadilishwa upesi.

Basi twende kwenye mlima.

Asubuhi ya tarehe 16 Desemba 1707, siku 49 baada ya tetemeko, ubavu wa kusini-mashariki wa Fuji ulipasuka. Mlipuko uliendelea kwa siku 16, hadi alfajiri ya 1 Januari 1708. Kwa kalenda ya Kijapani ule ulikuwa bado mwaka wa 4 wa Hōei, ndiyo maana wenyewe wanahesabu tetemeko na mlipuko kama mambo ya mwaka mmoja. Mlima haukulipuka kileleni. Ulitoboka ubavuni, ukaacha makasoko matatu, na kubwa kati ya hayo lina upana unaozidi kilometa moja, kubwa kuliko kasoko la kileleni. Mtu akiutazama Fuji kutoka upande wa kusini leo anaiona nundu na shimo lile. Mchoraji anayetaka mlima wenye mabega sawa huchagua upande mwingine.

Tuna shahidi mzuri sana aliyekuwa Edo, kilometa kama 100 kutoka mlimani. Ni Arai Hakuseki, msomi aliyekuwa mwalimu wa Ienobu, na ambaye baadaye akawa mshauri mkuu wa serikali. Anaeleza kwamba usiku wa kuamkia siku ile ardhi ilitikisika, na kuelekea adhuhuri akasikia ngurumo. Alipotoka nyumbani aliona kitu cheupe kikianguka kama theluji, na upande wa kusini-magharibi wingu jeusi likimulikwa na radi. Alipofika kwenye makazi ya bwana wake, majivu meupe yalikuwa yamefunika ardhi na majani. Kulikuwa na giza kiasi kwamba somo alilokwenda kulitoa lilifundishwa kwa mwanga wa mishumaa. Siku mbili baadaye ndipo habari zikafika kwamba ni Fuji unaowaka. Kuanzia hapo majivu yakawa meusi, na Hakuseki anaandika kwamba wakati ule hapakuwa na mtu ambaye hakukohoa.

Hilo la majivu kuanza meupe kisha kuwa meusi si pambo la mwandishi. Wanajiolojia wanaochimba udongo wa mashariki mwa Fuji wanakuta tabaka la chini jeupe, la mawe mepesi yenye vitundu, na juu yake tabaka nene jeusi. Mlima ulitapika aina mbili za magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, moja baada ya nyingine. Na hapa ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo.

Je, tetemeko liliuamsha mlima? Wanasayansi wengi wanaona kwamba lilichangia kwa kiasi kikubwa, lakini jinsi lilivyochangia inataka uangalifu. Tetemeko haliumbi magma. Fuji ulikuwa tayari na magma nyeupe, isiyotiririka kwa urahisi na yenye gesi nyingi, imetulia kwenye kina kifupi. Chini zaidi kulikuwa na magma nyeusi, moto na nyepesi kutiririka. Tetemeko kubwa la Oktoba lilibadilisha mikazo ya miamba katika eneo zima. Asubuhi iliyofuata tetemeko jingine kubwa lilitokea karibu kabisa na mlima. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mabadiliko hayo yaliiruhusu magma ya chini kupanda na kukutana na ile ya juu. Gesi zilizokuwa zimeyeyuka ndani yake zikatoka kwa pamoja, kama chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Kama mlima usingekuwa tayari, tetemeko lingepita bila mlipuko. Mwaka 1854 mfereji uleule wa Nankai ulivunjika, na Fuji haukulipuka. Kwa kweli tangu 1707 haujalipuka tena hadi leo.

Wanafunzi wako watasema: kwetu tetemeko lilikuja baadaye. Wako sahihi, na tofauti hiyo inafundisha. Goma, mwaka 2021, lava ilitoka Mei 22, na mitetemo ikaendelea siku nyingi baada ya lava kusimama, hadi sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Ile ilikuwa mitetemo ya magma yenyewe ikisogea chini ya mji na ardhi ikijipanga upya. Kule Japani tetemeko la Oktoba lilitokana na mabamba ya ardhi chini ya bahari, mbali na magma, nalo likaugusa mlima kutoka nje.

Na lava? Lava ya Nyiragongo ni nyepesi ajabu, hutiririka kama uji, hufuata mabonde na barabara. Inafunika inachokikuta na kuacha mtaa wa pili. Fuji wa 1707 haukumwaga mto wowote wa lava. Gesi ilikuwa nyingi mno. Kila kilichotoka kilipasuliwa vipande angani, kuanzia mawe yanayowaka hadi vumbi laini. Zaidi ya kilometa moja ya ujazo ya vitu hivyo ilirushwa juu. Desemba upepo wa Japani huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo wingu lote lilielekea mashariki: kwanza juu ya vijiji vya mguuni mwa mlima, kisha juu ya mashamba ya jimbo la Sagami, mwisho juu ya Edo, ambako zilianguka sentimeta chache tu.

Kijiji cha Subashiri kilikuwa kama kilometa 10 kutoka kasokoni. Kiliishi kwa mahujaji waliopanda Fuji wakati wa kiangazi, na kilikuwa na nyumba 75. Mawe ya moto yaliangukia mapaa, na karibu nusu ya nyumba zikaungua. Zilizobaki zilielemewa na kufukiwa. Mchanga ulirundikana hadi meta 3 hivi. Kadiri unavyokwenda mashariki unapungua, lakini hata sentimeta 50 za kokoto nyeusi juu ya shamba ni msiba. Ngano na shayiri za majira ya baridi zilikuwa zimeshachipua, zikafukiwa. Majani ya kulishia farasi yakatoweka, na kuni za msituni zikawa hazifikiki. Mifereji ya kumwagilia mpunga ikajaa. Lava ikipita, mtu anajua shamba lake limekwisha, anatafuta jingine. Mchanga unamwachia shamba lake palepale, mipaka yake anaijua, kodi yake anadaiwa, ila jembe halifiki kwenye udongo.

Mlipuko wenyewe haukuua watu wengi. Njaa iliyofuata ndiyo iliyoua, nayo haina tarehe.

Eneo hili lilikuwa chini ya bwana wa Odawara, Ōkubo Tadamasu, ambaye pia alikuwa mmoja wa mawaziri wakuu wa shoguni. Mwanzoni watu wa Odawara waliwaambia wakulima wasafishe mashamba yao wenyewe. Wakulima waliona wanachekwa. Mwanzoni mwa 1708 vijiji vingi vya bonde la Ashigara viliungana, wakafunga safari kwenda Edo kulalamika moja kwa moja. Kuvuka mipaka ya bwana wako kwenda kushitaki kwa shoguni lilikuwa kosa linaloweza kugharimu maisha ya viongozi, na walikwenda wakijua. Odawara ikashtuka na kuahidi magunia 20,000 ya mpunga. Muda mfupi baadaye Ōkubo aliyarudisha maeneo yaliyoharibika kwa serikali kuu, akapewa ardhi mahali pengine. Bwana alibadilishiwa mashamba; wakulima hawakubadilishiwa.

Serikali kuu ilichukua jukumu, na kwa haki lazima niseme hilo lilikuwa jambo jipya na kubwa. Ilitoza mchango wa nchi nzima: kwa kila koku 100 za mapato ya ardhi, ryō 2, sarafu za dhahabu za wakati ule. Koku moja ni kama lita 180 za mchele, kipimo kilichohesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Hata majimbo ambayo miezi michache kabla yaliharibiwa na tsunami yalikuwa ndani ya nchi hiyo iliyotakiwa kulipa kwa ajili ya majivu ya Fuji. Hesabu za hazina zinaonesha zilikusanywa zaidi ya ryō 480,000.

Zilikwenda wapi? Hakuseki anasimulia kwamba Ogiwara mwenyewe alieleza, walipokuwa wakijadili hali ya hazina, kuwa kati ya kama ryō 400,000 zilizopatikana, 160,000 zilitumika kuondoa mchanga katika majimbo ya Musashi, Sagami na Suruga, na 240,000 zikawekwa kwa ajili ya kujenga makazi mapya upande wa kaskazini wa ngome. Mwalimu, hapa lazima nikutahadharishe: Hakuseki alimchukia Ogiwara kwa moyo wote, na ni yeye aliyeandika hoja zilizomwangusha mwaka 1712. Takwimu zake si za mtu asiye na upande. Lakini kwamba sehemu kubwa ya fedha za mchanga haikufika kwenye mchanga, hilo haliwategemei maadui wa Ogiwara pekee, maana hata nyaraka za hazina zinaelekea hukohuko. Nimesoma habari hizi mara nyingi, na kila mara hasira yangu ni mpya. Watu wa pwani ya Tosa, wenye mashamba chini ya maji ya chumvi, wapo ndani ya nchi iliyochangishwa kwa ajili ya watu wa Sagami, na mchango unaishia kuwa mbao za jumba.

Aliyetumwa kusimamia kazi ni Ina Tadanobu, ofisa wa mashamba ya serikali katika uwanda wa Kantō. Wenyeji wa mguuni mwa Fuji husimulia kwamba alipoona watu wanakufa njaa alifungua ghala la serikali huko Sunpu bila ruhusa, akagawa nafaka, kisha akalazimishwa kujiua kwa kosa hilo. Wamemjengea hekalu na kumheshimu hadi leo. Kumbukumbu za serikali hazisemi hivyo. Alifariki 1712, na hakuna waraka wa wakati ule unaotaja adhabu. Siamini kwamba kisa cha ghala kilitokea kama kinavyosimuliwa. Lakini watu hawamjengei ofisa wa kodi hekalu bure. Kuna jambo aliwafanyia ambalo wengine hawakulifanya, na wakalihifadhi kwa njia waliyoijua.

Kisha mto. Hili ndilo jambo ambalo Edo haikuliona mapema, ingawa wakulima waliliona. Mvua ilipoanza, mchanga wa milimani ulishuka ndani ya Mto Sakawa. Kitanda cha mto kikapanda. Kiangazi cha 1708 ukingo wa mto ulipasuka pale Ōkuchi, na vijiji vya chini ambavyo vilikuwa vimepata majivu machache tu vikafukiwa na maji yenye mchanga. Ukajengwa upya, na mwaka 1711 ukapasuka tena. Baadhi ya vijiji vilihamia kwenye miinuko na kukaa huko kwa miaka mingi, wakiyatazama mashamba yao kutoka juu. Mto haukushikika hadi 1726, miaka 19 baada ya mlipuko, na aliyeushika hakuwa samurai wa kuzaliwa. Alikuwa Tanaka Kyūgu, aliyewahi kuwa mkuu wa kituo cha Kawasaki kwenye njia ya Tōkaidō, mtu aliyefahamu mito kwa kuishi nayo. Wakati huo shoguni alikuwa Yoshimune, wa 8, aliyekuwa tayari kuwapa kazi watu wa aina hiyo.

Kuhusu siasa za Edo nitasema kwa ufupi. Tsunayoshi alifariki mwanzoni mwa 1709, na Ienobu alipochukua nafasi alizifuta amri za mbwa karibu mara moja. Watu wengi waliamini kwamba mbingu ilikuwa imemwonya mtawala kwa tetemeko na moto. Ndivyo elimu ya Confucius, ambayo Tsunayoshi mwenyewe aliipenda, ilivyofundisha. Sioni kama imani hiyo ilibadilisha mengi serikalini. Ogiwara alibaki kazini miaka 3 zaidi chini ya shoguni mpya.

Nimeacha mambo mengine ya mwaka ule ambayo hayakugusa swali lako. Washairi Kikaku na Ransetsu, wanafunzi wawili wakubwa wa mshairi mashuhuri Bashō, walifariki wote mwaka huohuo, mmoja majira ya kuchipua na mwingine siku 9 baada ya tetemeko. Kwa watu wa fasihi Hōei 4 ni mwaka wa msiba kwa sababu hiyo pia.

Umeniuliza serikali iliwasaidiaje watu. Nimekueleza ilivyofanya. Acha nikueleze na watu walivyojisaidia, kwa sababu ushahidi wake unaonekana kwa macho. Huko Yamakita, upande wa mashariki wa Fuji, waakiolojia wakichimba mashamba ya zamani wanakuta udongo una mistari, mweusi na wa kahawia, mweusi na wa kahawia, sambamba shamba zima. Wakulima wa eneo lile waliiita kazi hii kugeuza mbingu na ardhi. Kwa kuwa mchanga ulikuwa mwingi mno kubebwa, na hapakuwa na pa kuupeleka, mkulima alichimba mfereji mrefu hadi kuufikia udongo mzuri, akautoa udongo ule na kuuweka pembeni. Mchanga akausukuma ndani ya mfereji, akaufunika kwa udongo aliouokoa. Kisha akasogea hatua chache, akaanza mfereji wa pili. Shamba la familia moja lingeweza kuchukua misimu mingi, na walilifanya hilo wakiwa na njaa. Ukipata picha ya mistari ile, wape wanafunzi wako waihesabu.